Mfereji Hauna Akaunti ya Benki

Siku hizi mtu akitaka kunipa hela, kwanza namuuliza kama ana fomu. Akisema anayo, namshukuru, namtakia maisha marefu, naondoka zangu. Zamani sikuwa hivi. Nilikuwa mkazi wa kawaida wa Dar es Salaam mwenye madeni ya kawaida, mpaka mtaa wetu ulipopata ruzuku.

Yenyewe wanaiita ruzuku ndogo: isiyozidi shilingi milioni tano, kwa kikundi cha wakazi wenye mradi wa kuboresha mtaa wao. Mtoaji simtaji. Ripoti yetu ya mwisho bado iko mezani kwake, na mwenye shida hatukani mamba kabla hajavuka mto.

Shida yetu sisi ni mfereji. Unapita nyuma ya nyumba, unaukata mtaa vipande viwili, kisha unateremka kwenda kukutana na wenzake mpaka Mto Msimbazi. Kiangazi huwa jalala jembamba: chupa, pampasi, kandambili za mguu mmoja, na ile mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku Juni 2019, ambayo naona yote ilikuja kustaafia kwetu. Masika yakiingia, vitu hivyo vyote hupanda ngazi na kukaribia sebuleni. Hatucheki mvua ikianza usiku. Wapo kwetu watu wenye ndugu waliohamishiwa Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011, na wakisikia bati linalia huamka na kuanza kubeba televisheni.

Juu ya mfereji huo kulikuwa na kivuko cha mbao mbili, zilizotolewa na mzee mmoja enzi ambazo hakuna anayezikumbuka vizuri, na mojawapo ilikuwa na ufa. Watoto walipita hapo kwenda shule. Mama anayetuuzia vitumbua alipita hapo alfajiri na ndoo ya unga kichwani. Bodaboda hazipiti, ingawa wapo waliojaribu na makovu wanayo.

Tukamwita fundi. Akautazama mfereji, akatema mate, akaomba kalamu, akapiga hesabu nyuma ya boksi la sigara: saruji, nondo, kokoto, mchanga, mbao za kufungia, ufundi. Akapigia mstari: milioni tatu na laki mbili. "Na chai," akaongeza. Kwa maoni yangu hilo ndilo andiko bora la mradi lililowahi kuandikwa mtaani kwetu, na kazi yote iliyofuata ilikuwa ya kuliharibu.

Utaniuliza kwa nini hatukwenda halmashauri. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi 2024. Watu wa mpira wanaujua mpangilio huo: 4-4-2. Uwanja umejaa wachezaji kumi, na mimi, mwanamume niliyeuvuka ujana, viungo vyote vipo namshukuru Mungu, nimebaki kipa. Sina ugomvi na kocha. Lakini hata ningepangwa mbele isingesaidia, maana mkopo hurudishwa. Kuku anataga, cherehani inashona, pikipiki inapakia. Mfereji unazalisha nini? Mavuno yake ni kwamba mvua imenyesha na godoro lako limelala kavu, na hakuna dirisha la benki linalopokea godoro kavu kama rejesho. Vitu vya namna hiyo, ambavyo faida yake ni mabaya kutotokea, vinahitaji hela ya kupewa. Kwa hiyo aliyebuni ruzuku ya mtaa alikuwa na akili sana. Natamani wangemwacha aandike na fomu.

Kwanza hela haiji kwa mtaa, inakuja kwa kikundi. Kikundi lazima kiwe na jina, na majina yote mazuri yameshachukuliwa: Tupendane, Jikwamue, Umoja ni Nguvu, Nguvu ni Umoja. Tukaketi uani kwa mwenyekiti wa mtaa kuchagua viongozi. Nikatoka nje kupokea simu. Niliporudi, nilikuwa katibu.

"Mwandishi huyu," mwenyekiti akaeleza, "anaandika magazetini kila siku. Fomu itamshinda?"

Katiba tulinunua stesheneri. Kijana wa pale anazo kwenye kompyuta, unachagua, anabadilisha jina, anachapa, unalipa. Yetu ilikuwa imetoka kwa wafuga nyuki. Kijana alibadilisha jina la kikundi ukurasa wa kwanza, akachoka. Ndiyo maana mpaka leo sisi watu wa mfereji tuna kifungu kinachomtoza faini mwanachama yeyote atakayerina asali bila ruhusa ya kamati. Katiba ilisomwa kikaoni, ikapitishwa kwa makofi, ikagongwa muhuri, ikasajiliwa. Hakuna aliyeuliza mizinga iko wapi. Kipo pia kifungu cha mgawanyo wa mali kikundi kikivunjika. Mali yetu ni koleo moja, nalo mpini wake ni wa kuazima.

Kisha akaunti ya benki. Muhtasari wa kikao, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, namba za NIDA, picha za paspoti za watia saini watatu, na kiasi cha kufungulia. Tukachanga. Mama wa vitumbua alizitoa elfu tano zake akizitazama zinavyokwenda. "Nitoe hela yangu ndiyo nipewe hela?" akauliza. Nikamwambia ndivyo benki zilivyo. Akasema hata yule aliyemtapeli nduguye kwenye simu alianza hivyohivyo.

Hapo ndipo tukaifikia fomu yenyewe. Nimejaza fomu nyingi maishani, za ajira, za posa, hata ya kuomba fidia ya mbuzi. Sijawahi kuulizwa nadharia yangu ya mabadiliko. Nikaitisha kamati. Mabadiliko gani? Mzee wa mbao mbili akasema: mtoto anatumbukia, tunataka asitumbukie. Nikaandika hivyohivyo. Ikarudi na alama nyekundu: fafanua. Nikaandika kwamba kupitia uimarishaji wa miundombinu shirikishi, jamii itajengewa ustahimilivu dhidi ya athari za kutumbukia. Ikapita.

Wakataka wanufaika wa moja kwa moja na wasio wa moja kwa moja, kwa jinsia na kwa umri. Tukabishana sana kuhusu anayevuka mara mbili. Wakataka viashiria. Wakataka mpango wa uendelevu: mfadhili akiondoka, kivuko kitaendeleaje? Fundi alitazama swali hilo kwa muda, akasema kivuko cha zege huwa kinaendelea kukaa palepale. Na palipoandikwa vihatarishi nikaandika neno moja, mvua. Wakajibu kwa barua pepe wakitaka kujua kikundi kimeweka mikakati gani ya kukabiliana na mvua. Mkakati wetu wa kukabiliana na mvua ndio huo tuliowaombea hela!

Najua kwa nini wanafanya hivi, msinione mjinga. Hela za vikundi zimeliwa sana nchini. Ripoti za CAG zimezitaja mara kwa mara, mikopo isiyorejeshwa, vikundi hewa. Mwenye hela yake ana haki ya kuogopa. Ila mwizi wa ruzuku haogopi karatasi, karatasi ndiyo ofisi yake. Kikundi hewa kina katiba safi isiyo na nyuki, kina mihtasari iliyopangwa, kina viashiria vinavyong'aa. Anayekwama kwenye fomu ni mama wa vitumbua, ambaye daftari lake la madeni halijawahi kukosea hata shilingi, na naongea kama mmoja wa walioandikwa humo.

Tukapita. Kabla ya hela wakatuita semina ya kujengewa uwezo, hotelini, kwenye ukumbi wa baridi kali uliomfanya mzee wetu aombe kitambaa cha meza ajifunike. Tukapewa mikoba yenye nembo, kalamu zenye nembo, na maji ya chupa. Tukabandika karatasi za bangokitita ukutani. Tukapiga makofi ya kilo, tukachangamshwa, tukagawanywa makundi, tukawasilisha. Chakula kilikuwa kizuri, sisemi uongo. Nilipokuwa nangoja pilau nikapiga hesabu ya ukumbi, vyakula, nauli na posho zetu na za wawezeshaji, kwenye kitabu changu kipya chenye nembo. Nikakifunga haraka, maana nilikuwa nimeshavuka kivuko na nilikuwa naelekea kujenga cha pili.

Mwezeshaji alikuwa kijana mwenye adabu. Akatuonyesha mifano ya wenzetu. Mwaka 2009, akasema, huko Boston, Marekani, lilianzishwa jambo linaloitwa Awesome Foundation. Watu kumi, kila mmoja anachomoa dola 100 mfukoni mwake kila mwezi. Zinatimia 1,000, kama milioni mbili na nusu hivi za kwetu. Wanamchagua mtu mwenye wazo zuri, wanampa, basi. Hawadai hisa, hawadai marejesho, mwezi ujao wanampa mwingine. Utaratibu huo umeenea miji mingi duniani.

Ukumbi tukatazamana. Watu kumi, mchango sawa, kila mwezi, anapewa mmoja. Mama wa vitumbua ndiye kijumbe wa mchezo wetu wa mtaani, na anaijua kazi hiyo kuliko anavyokijua kitumbua. Akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Hao wenzetu fomu yao ina kurasa ngapi?"

Mwezeshaji akaitazama picha iliyokuwa ukutani kana kwamba jibu lipo pembeni. Akasema hilo ni swali zuri sana, tutalirudia baada ya chai. Baada ya chai tukaimba.

Mfano wa pili ndio uliniondolea usingizi. Jiji la Seattle lina mfuko wake wa kusaidia miradi ya vitongoji tangu mwaka 1988. Wakazi wanaleta chao, jiji linaleta chake, na chao si lazima kiwe hela: saa ulizoshika koleo zinathaminiwa na kuhesabiwa kuwa mchango. Kwa msaada wa mfuko huo, mwaka 1990 watu wa kitongoji cha Fremont walijenga zimwi. Mnisome vizuri, zimwi. La zege, kubwa, limejificha chini ya Daraja la Aurora, jicho moja linang'aa, na mkononi limekamata gari la Volkswagen, gari la kweli. Eneo la chini ya daraja lilikuwa limeharibika kwa uchafu na mambo mengine ya gizani, wakaona dawa yake ni kumkaribisha jitu akae. Lipo hadi leo, watalii wanalipanda na kupiga picha, na inaelekea ni zimwi linalowajua, maana halijawala likawamaliza. Nilikaa nikijaribu kulijaza kwenye fomu yetu. Wanufaika wa moja kwa moja: zimwi. Jinsia: halijasema. Vihatarishi: zimwi.

Na kuvuka bahari kwenyewe si lazima. Hapo Hanna Nassif, Kinondoni, miaka ya 1990, wakazi walijenga mifereji na barabara za mtaa wao kwa mikono yao wenyewe, ILO, Ford Foundation na wengine wakiwa upande wa hela na utaalamu. Kazi ilifanywa na watu wa palepale na ujira ukabaki palepale. Mzee wetu wa mbao mbili anasema alishika koleo kule. Akiniuliza kwa nini sisi hatuchimbi, namwonyesha faili. Analipima uzito mkononi, anasema kwa mzigo huu wangeshafika barabarani.

Hela ikaingia, nusu kwanza. Sharti: kila malipo yawe na risiti ya EFD. Mchanga mtaani kwetu unaletwa na dogo mwenye guta. Nikamuuliza kama ana mashine.

"Bro, mashine si hii?" akasema, akalipiga guta kofi.

Nikamwonyesha mwongozo. Akaniambia kwa heshima kwamba yeye mchanga anao, mwongozo hana. Ikabidi twende duka la vifaa vya ujenzi lenye mashine, mchanga uleule bei imepanda, na kodi juu yake. Tukalipa, tukapata risiti safi, tukarudi mtaani kungoja mzigo. Ulifika jioni. Aliyeuleta ni dogo yuleyule, guta lilelile, kutoka lundo lilelile. "Shikamoo, katibu," akaniambia, na alikuwa hajawahi kuniamkia.

Mchango wa jamii nao ukataka ushahidi. Kule Seattle koleo linahesabiwa, na kwetu pia, mradi kila mchimbaji awe amesaini karatasi ya mahudhurio na namba yake ya NIDA. Vijana waliokuja kuchimba Jumamosi kwa hiari yao walipoona wanaandikishwa vitambulisho, nusu yao wakakumbuka misiba.

Lakini kilichonimaliza ni bango. Masharti yalitaka bango la mradi lenye nembo za wote wanaohusika, na wanaohusika walizidi kuongezeka: mfadhili, mfadhili wa mfadhili, mtekelezaji mwenza, kikundi. Nembo hazikuenea, likaongezwa ukubwa. Lilipofika juu ya Kirikuu, fundi akalizunguka akilipima kwa macho, kisha akautazama mfereji.

"Katibu, tunaanza kujenga kipi?"

Bango lilikuwa refu kuliko kivuko. Mzee wa mbao mbili akapendekeza tulilaze juu ya mfereji tupite, na hela iliyobaki tugawane. Hoja ikaungwa mkono na wengi. Kama katibu ilinibidi niiandike kwenye muhtasari, na kwa nidhamu ya katibu nikaisahau.

Kwa hiyo milioni tano zilikwenda hivi. Bango. Fulana zenye kaulimbiu, ambazo zilifuliwa mara moja zikawa za watoto. Makato ya benki. Ufuatiliaji na tathmini, maana yake mtu kuja kututazama. Uzinduzi. Kilichobaki ndicho alichopewa fundi, na hakikufika zile za boksi la sigara. Akafanya alivyoweza, na zege ni imara, nimerukaruka juu yake mwenyewe. Ila kingo ziko upande mmoja tu. Ni upande wa bango, ili picha itoke vizuri.

Halafu kikafungwa kamba. Kivuko kimekamilika, zege limekauka, watu hawaruhusiwi kupita mpaka azindue mgeni rasmi. Mgeni rasmi wa kwanza akapata dharura. Wa pili akapata mgeni rasmi mkubwa kuliko yeye, itifaki ikaanza upya. Masika yakafika kabla yao. Watoto wakawa wanavuka kwenye mbao za mzee, pembeni kabisa ya kivuko kipya kilichofungwa utepe, huku mwenyekiti amesimama na mwavuli akiwaonya wasiguse mradi. Mama wa vitumbua alivumilia, akavumilia, asubuhi moja akaweka ndoo chini, akafungua kamba, akapita, akaifunga tena nyuma yake kwa fundo zuri kuliko la mwanzo. Kuanzia siku hiyo mtaa mzima ukawa unapita hivyo, kila mtu anafungua na kufunga, mpaka kamba ikalegea.

Siku ya uzinduzi turubai lilisimama, viti vya kukodi vikapangwa, muziki ukafunguliwa tangu asubuhi kuwapa taarifa wagonjwa. Nilisoma risala. Mgeni akakata utepe, watu wakapiga vigelegele, akavuka, kisha akagundua kwamba gari lake liko upande aliotoka, akavuka tena. Akatupongeza kwa moyo wa kujitolea, akawaasa wananchi wasitupe taka mferejini, akaondoka. Chupa za maji za uzinduzi tuliziokota jioni. Mnajua zilikuwa wapi.

Sasa nimebaki na ripoti ya mwisho. Nimeituma, imerudi, nimeituma. Wanataka hadithi ya mafanikio ya maneno mia tano na picha ya mtoto anavuka akitabasamu. Watoto wa kwetu wakivuka huwa hawatabasamu, wanakimbia shule. Nilimpata mmoja akakubali kwa malipo ya ubuyu wa mia tano, na ubuyu nao sijui nitaupatia wapi risiti ya EFD.

Jana ikatangazwa awamu ya pili. Kiwango kimepanda hadi milioni saba, fomu nayo imeongezewa sehemu ya mabadiliko ya tabianchi. Watu wa upande wa pili wanataka taa. Wana haki, ni gizani kweli kule. Usiku simu yangu ikaita, nikaona jina la mwenyekiti, nikaiweka kifudifudi juu ya meza na kumpungia mke wangu mkono kwamba sipo. Akaiokota.

"Shikamoo, mwenyekiti. Yupo, yupo hapa amekaa. Anasema mlete tu hiyo fomu."